Orodha yenu imeruka miaka 1,200, na imeiruka Afrika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nisahihishe orodha mliyoitoa Jumapili iliyopita, ya watu kumi waliouathiri zaidi Ukristo baada ya Mitume. Mmeanza na Konstantino, mfalme wa Roma wa karne ya nne, mkarukia kwa Martin Luther mwaka 1517, kisha wakafuata wahubiri wa Ulaya na Marekani hadi wa kumi. Kati ya Konstantino na Luther ipo miaka karibu 1,200 ambayo hamkuona mtu wa kumweka, na katika kumi wote hakuna Mwafrika. Tena yamo makosa mawili yanayorudiwa kila siku mimbarani na kwenye makundi ya WhatsApp: kwamba Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ndio uliochagua vitabu vya Biblia, na kwamba Konstantino ndiye aliyeanzisha ibada ya Jumapili. Walimu wa kipaimara hukata kurasa kama hizi wakazitumia darasani, kwa hiyo kosa likishachapwa linakaa miaka.

Kipimo ninachokipendekeza ni hiki. Ingia kanisani Jumapili yoyote hapa Mwanza, iwe Nyakato, Igoma au kigango cha Ukerewe, utazame kinachofanyika tangu watu wanapoketi hadi wanapotoka. Kwa kila tendo uliza: ni nani ambaye bila yeye tendo hili lisingekuwepo, au lingekuwa na sura nyingine? Ukipima hivyo, majina mengi ya orodha yenu yanashuka, na yanapanda majina ambayo waumini hawajawahi kuyasikia.

Anza na mpangilio wenyewe wa ibada. Karibu mwaka 155, Yustino, mwanafalsafa mzaliwa wa Palestina aliyekuwa akifundisha Roma, alimwandikia Kaisari utetezi wa Wakristo, na humo akaeleza wanachofanya katika siku ya Jua. Watu wa mjini na wa mashamba hukusanyika mahali pamoja. Husomwa maandiko ya Mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu. Msomaji akimaliza, kiongozi huhubiri. Wote husimama wakaomba. Huletwa mkate, divai na maji; kiongozi hushukuru, watu huitika Amina, wakagawiwa, na mashemasi huwapelekea wasiokuwepo. Wenye nacho hutoa kadiri ya hiari yao, na kwa fedha hiyo kiongozi huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Muumini wa Kirumba akisomewa ukurasa huo atajua kila mstari uko sehemu gani ya ibada yake.

Na hapo ndipo kosa la Jumapili linapoanguka. Yustino aliandika hayo miaka zaidi ya 160 kabla ya Konstantino kutoa sheria ya tarehe 7 Machi 321. Sheria ile iliwataka mahakimu, wakazi wa mijini na karakana wapumzike siku ya Jua. Wakulima waliruhusiwa kuendelea na kazi, kwa maelezo kwamba mara nyingi hakuna siku nyingine ifaayo kama hiyo kwa kupanda. Alichokileta Konstantino, basi, ni mapumziko ya kiserikali. Ndugu zetu Wasabato, ambao ni wengi katika mwambao huu hasa upande wa Mara, wana hoja zao za Maandiko kuhusu siku ya saba, na hoja hizo zijibiwe kwa Maandiko. Lakini anayesema kukusanyika Jumapili kulizaliwa mwaka 321 anapingana na barua iliyopo na inayosomeka.

Sasa msomaji anafungua Biblia. Aliyelilazimisha Kanisa kujiuliza ni vitabu gani hasa ni vyake alikuwa mzushi: Marsioni, tajiri wa meli kutoka pwani ya Bahari Nyeusi. Alilikataa Agano la Kale lote, akabakiza Injili moja tu ya Luka, nayo ameipunguza, pamoja na nyaraka kumi za Paulo. Kanisa la Roma lilimtoa mwaka 144 na kumrudishia sadaka yake, sesterse 200,000. Baada ya hapo kila mwalimu alilazimika kutaja anavyovikubali. Orodha ya kwanza tuliyonayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyohivyo bila kupungua wala kuzidi, imo katika waraka wa Pasaka wa mwaka 367 wa Atanasi, askofu wa Aleksandria, Misri. Kila mwaka askofu wa Aleksandria aliyaandikia makanisa kuwatangazia tarehe ya Pasaka, na katika waraka huo wa 39 akaongeza hesabu ya vitabu. Kisha sinodi za Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, zote za Afrika Kaskazini, zikapitisha orodha zao. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulitoa kanuni 20. Ya 17 inawakataza makleri kula riba, ya 20 inakataza kupiga magoti Jumapili. Hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia.

Jambo jingine linalosemwa vibaya ni tofauti ya Biblia ya Waprotestanti yenye vitabu 66 na ya Wakatoliki yenye 73. Luther hakuvitupa vile saba. Katika Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534 alivikusanya pamoja na maandiko mengine machache, akaviweka baada ya Agano la Kale, akieleza kuwa havilingani na Maandiko Matakatifu ila ni vizuri kuvisoma. Biblia nyingi za Kiprotestanti ziliendelea kuchapwa navyo kwa karne mbili na zaidi. Kilichoviondoa mikononi mwa watu wa kawaida ni uamuzi wa Chama cha Biblia cha Uingereza mwaka 1826 kwamba fedha zake zisitumike tena kuvichapa. Chama hicho ndicho kilichosambaza Biblia kwa lugha nyingi za Afrika, ndiyo maana Mprotestanti wa hapa amezaliwa akaikuta ya 66.

Mhubiri akisema "Yohana tatu, kumi na sita" na kanisa zima likafungua mahali pamoja, hapo wanafanya kazi watu wawili. Stephen Langton, aliyefundisha Paris kabla ya kuwa askofu mkuu wa Canterbury na akafa mwaka 1228, aligawa vitabu kwa sura. Robert Estienne, mchapaji wa Kifaransa, alitia namba za mistari katika Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1551. Kabla yao mhubiri aliweza kusema tu "kama asemavyo Isaya", nawe utafute. Kazi yao ina kasoro ambazo kila mhubiri inafaa azijue, kwa sababu namba hazikuwekwa na manabii wala Mitume. Wimbo wa Mtumishi anayeteswa unaanza Isaya 52:13, si 53:1, na anayeanzia 53 amekata shairi. Mstari wa 1 Wakorintho 11:1, "mnifuate mimi", unafunga hoja ya sura ya 10 na hauhusiani na habari ya vichwa kufunikwa inayofuata.

Baada ya mahubiri watu wanasimama na kukiri imani. Wakatoliki wanatamka "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba", na Walutheri na Waanglikana wana maneno yao yenye maana hiyohiyo. Maneno hayo yalipatikana Nikea, mji uliojengwa kando ya ziwa kama huu wetu, leo unaitwa İznik, nchini Uturuki. Yaliwekwa kumjibu Ario, padre wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba kulikuwa na wakati Mwana hakuwepo. Mafundisho yake hakuyaacha vitabuni: aliyatungia nyimbo, za mabaharia, za wasagaji, za wasafiri, nazo zikaenea haraka kuliko waraka wa askofu yeyote. Walimu wa kwaya walikumbuke hilo wanapochagua wimbo mpya.

Atanasi alikwenda Nikea akiwa shemasi wa askofu wake. Mwaka 328 akawa askofu mwenyewe, akakaa katika kiti hicho miaka 45, na kati ya hiyo karibu 17 aliiishi uhamishoni. Alifukuzwa mara tano, na watawala wanne, kwa sababu mtaguso ulikwisha lakini ugomvi haukwisha. Kwa miongo kadhaa makasri yalielemea upande wa Ario, na maaskofu wengi walikubali maneno laini yasiyokata wala kubakiza. Mara moja alikimbilia kwa watawa wa jangwani Misri, wakamficha miaka sita. Angesalimu amri, sijui nani mwingine angesimama. Hayumo katika kumi wenu, naye ndiye ningemweka wa pili.

Tahadhari mbili kwa wanaofundisha. Imani tunayoiita ya Nikea haikukamilika mwaka 325: maelezo marefu ya Roho Mtakatifu yanahusishwa na Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, na maneno "na Mwana" yaliongezwa baadaye na makanisa ya Magharibi, Roma yenyewe ikaanza kuyatumia katika Misa mwaka 1014. Na ile iitwayo Imani ya Atanasi haikutungwa na Atanasi. Iliandikwa kwa Kilatini baada yake.

Neno Utatu tunalolitamka kila tunapobariki lilipata umbo lake la Kilatini, trinitas, kwa Tertuliano wa Karthago, Tunisia ya leo, mwanzoni mwa karne ya tatu. Ndiye aliyesema damu ya Wakristo ni mbegu. Mji huohuo ulimtoa Perpetua, mama kijana aliyeuawa tarehe 7 Machi 203 pamoja na Felisita mtumwa, akaacha maandishi aliyoyaandika gerezani kwa mkono wake. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya mwanamke Mkristo.

Wa kwanza ningemweka Augustino. Hapa Mwanza jina lake limeandikwa kwenye lango la chuo kikuu Malimbe, na makondakta wanaoita abiria wa Nyegezi wanalijua hata kama hawajui alikuwa nani. Alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 Tagaste, Algeria ya leo, mama yake Monika. Alibatizwa Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, akawa askofu wa Hippo, mji wa bandari ambao leo ni Annaba, na akafa tarehe 28 Agosti 430 jeshi la Wavandali likiwa limeuzingira mji wake. Wakatoliki humwita Mwalimu wa Kanisa, Luther alikuwa mtawa wa shirika lililobeba jina lake, Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva, alimnukuu kila kona. Ukiondoa mafundisho yake juu ya neema, Matengenezo ya karne ya 16 hayana pa kusimama, na majibu ya Wakatoliki pia hayana.

Lakini nataka nikae kwenye jambo dogo zaidi, kwa kuwa linagusa ugomvi tunaouona kila mwaka kwenye sharika na parokia zetu. Katika mateso yaliyoanza mwaka 303 serikali ya Roma ilidai vitabu vitakatifu vichomwe moto, na baadhi ya viongozi wa Afrika Kaskazini walivitoa. Mateso yalipopita, kundi lililoitwa Wadonati likasema: kiongozi aliyesaliti hana Roho, na asiye na Roho hawezi kumpa mwingine, kwa hiyo waliobatizwa naye wabatizwe upya, na waliopewa daraja naye si makasisi. Kanisa likagawanyika karibu kila mji, maaskofu wawili wawili, altare mbili mbili, kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 411 mamia ya maaskofu wa pande zote walikutana Karthago mbele ya mjumbe wa Kaisari, na Augustino ndiye aliyebeba hoja.

Jibu lake lilikuwa kwamba ubatizo ni mali ya Kristo. Petro akibatiza, ni Kristo anayebatiza; Yuda akibatiza, ni Kristo anayebatiza. Maji yakipita kwenye mfereji wa jiwe, jiwe lenyewe halioteshi kitu, lakini bustani inapata maji. Uovu wa mhudumu unamhukumu mhudumu, haumnyang'anyi mtoto ubatizo wake. Kwa hoja hiyo, mchungaji akifukuzwa kwa wizi wa sadaka, ndoa alizofungisha zinabaki ndoa na watoto aliowabatiza hawarudiwi. Kwa hoja hiyohiyo Mlutheri anayehamia Ukatoliki haoshwi tena. Kila usharika unaogombea jengo na mhuri kwa sababu kiongozi ameanguka unarudia mgogoro wa Karthago, na mara nyingi pande zote mbili hazijui kwamba jibu liliandikwa na Mwafrika miaka 1,600 iliyopita.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Augustino huyohuyo alikubali mwishowe kwamba serikali iwatoze faini na kuwalazimisha Wadonati warudi, akitumia maneno ya Luka 14:23, "uwashurutishe kuingia ndani". Waliokuja baada yake walilitumia neno hilo kwa ukatili ambao yeye hakuufikiria. Alama hiyo haifutiki, na orodha ya waliouathiri Ukristo lazima iseme pia walipouathiri vibaya.

Wale wanaobatiza wakubwa ziwani wana sababu nyingine kabisa, na si haki kuwaita Wadonati. Hawaulizi mhudumu alikuwaje, wanauliza kama aliyebatizwa aliamini. Mzizi wao wa karibu uko Zürich, Uswisi, tarehe 21 Januari 1525, Conrad Grebel alipombatiza George Blaurock ndani ya nyumba. Siku ile maji yalimwagwa kichwani, kuzamisha kulifuata. Nyumba ile ilikuwa ya familia ya Felix Manz, na Manz mwenyewe alihukumiwa kifo na baraza la mji, tena la Kiprotestanti, akafungwa mikono na kutoswa katika mto Limmat tarehe 5 Januari 1527. Umati unaposhangilia ufukweni mtu akiibuka majini, kuna mtu alitoswa kwa ajili hiyo na hakuibuka.

Sasa kwaya. Hapa orodha yenu imeacha pengo ambalo mtu wa Mwanza angelisikia kwa masikio. Karibu kila kwaya ya mwambao huu, Katoliki, KKKT ya Walutheri, AIC (Africa Inland Church), hujifunza kwa nota za solfa: d r m f s l t. Aliyezianzisha ni Guido wa Arezzo, mtawa Mbenediktini wa Italia wa karne ya 11. Aliona waimbaji wanapoteza miaka kumi wakikariri nyimbo kwa kusikia tu, na hata hivyo hawawezi kuimba wimbo mpya bila mwalimu. Akachukua utenzi wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji ambao kila mstari, katika sita ya kwanza, unaanza sauti moja juu ya ule uliotangulia, akatumia silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na ya saba ikaongezwa. Guido aliandika kwamba kwa njia yake mwimbaji hukamilika kwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi sana. Karne ya 19 Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, akaziandika kwa herufi moja moja, akaifanya ya saba ianze na t isigongane na s, na mchungaji John Curwen akaueneza mfumo huo hadi ukaingia kwenye masanduku ya wamisionari.

Faida yake ni kwamba haihitaji mistari mitano wala karatasi maalumu. Mashine yoyote ya kuchapa inatosha, hata chaki ukutani. Hasara yake ni kwamba uzito wote umebebwa na alama ndogo. Nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu, mkato hugawa robo, kistari huendeleza sauti, na kijialama pembeni mwa herufi, juu au chini, husema kama sauti ni ya juu au ya chini. Karatasi ikitolewa nakala ya nakala ya nakala, vinavyopotea kwanza ni hivyo. Nukta ikifutika, sauti ya pili inachelewa nusu pigo na mwalimu anadhani hawajafanya mazoezi. Kijialama cha chini kikifutika, besi wanapanda na kukaa juu ya sauti ya tatu, wimbo unakosa sakafu. Na fe, yaani f iliyopandishwa nusu sauti, ikiandikwa f, wimbo unaotaka kuhamia ufunguo mwingine unagoma mlangoni. Dawa yake ni kunakili upya kwa mkono kutoka nakala safi, mtu wa pili akisoma kwa sauti herufi na alama, kabla karatasi haijaenda kwa wanakwaya. Guido na Glover wamegusa vinywa vingi zaidi mwambao huu kuliko nusu ya wahubiri mliowataja.

Nitapita haraka kwa wengine. Pango la Noeli linalojengwa kila Desemba linakumbusha lile la Fransisko wa Asizi, pale Greccio mwaka 1223. Namba ya mwaka iliyo juu ya ukurasa wenu wa kwanza ni kazi ya Dionisi Mdogo, mtawa wa Roma ambaye mwaka 525, akitengeneza jedwali la Pasaka, alikataa kuendelea kuhesabu miaka tangu utawala wa Kaisari Diokletiani, mtesaji wa Wakristo, akahesabu tangu Kristo. Hesabu ilimpotea kidogo: Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya mwaka wa kwanza wa Dionisi, kwa hiyo Yesu alizaliwa mapema kuliko jedwali linavyosema. Na shule ya Jumapili ilienezwa na mwenzenu wa kazi: Robert Raikes, mwenye gazeti la mji wa Gloucester, Uingereza, aliyeianzisha mwaka 1780 kwa watoto waliofanya kazi viwandani siku sita. Wapo waliomtangulia, lakini yeye alichapa habari zake gazetini mwaka 1783, nchi nzima ikaiga.

Luther anastahili nafasi yake, ila mmemweka kwa sababu nyepesi. Hoja 95 za mwaka 1517 ziliandikwa kwa Kilatini kwa ajili ya wasomi. Kilichoingia nyumbani kwa watu ni Agano Jipya la Kijerumani la Septemba 1522, alilolitafsiri kwa wiki kama 11 akiwa mafichoni Wartburg, na Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliyoiandika baada ya kuzunguka sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui hata Baba Yetu. Kijana wa kipaimara wa KKKT anayeulizwa "Maana yake ni nini?" anaulizwa swali la Luther lenyewe.

Na kama mlitaka mtu wa karne ya 20, William Seymour hakupaswa kukosa. Mtoto wa watu waliokuwa watumwa Louisiana, mwenye jicho moja bovu, alisikiliza masomo ya Biblia akiwa nje ya mlango wa darasa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Aprili 1906 alianza mikutano Los Angeles, katika nyumba ya Mtaa wa Azusa namba 312, kanisa la zamani lililokuwa limegeuzwa zizi na ghala. Ibada zilikuwa tatu kwa siku, zikaendelea karibu miaka mitatu. Makanisa ya Kipentekoste kutoka Buhongwa hadi Kisesa, ukifuata nasaba yao nyuma, mengi yanafika mlangoni pale.

Imebaki pwani yetu. Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers na baadaye wa Karthago, nchi ya Augustino, alianzisha mwaka 1868 shirika la Wamisionari wa Afrika, tuliowaita Mapadre Weupe. Walifungua misioni Bukumbi, hapa kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Aliagiza mtu asibatizwe kabla ya miaka minne ya mafundisho, miwili ya kwanza na miwili ya ukatekumeni wenyewe, kama walivyofanya Wakristo wa karne za mwanzo. Wengi waliona ni mirefu mno. Matokeo yalionekana Buganda: mapadre waliondoka Novemba 1882 kuja kusini ya ziwa, wakarudi Julai 1885, na kwa muda wote huo hapakuwa na padre. Walioliongoza kundi ni walei, akiwamo Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu ya Kabaka. Mapadre waliporudi walikuta watu wameongezeka. Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya wale wafiadini 22 waliotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Kigango chochote cha mwambao huu kinachoongozwa na katekista wiki tatu kati ya nne kinaendesha mambo kwa namna ileile.

Upande wa Waanglikana, Alexander Mackay, fundi mitambo wa Scotland, alifukuzwa Buganda mwaka 1887, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akiendelea na tafsiri na uchapaji hadi malaria ilipomuua Februari 1890. Na lugha tunayoombea, Kiswahili, ina deni kwa Johann Ludwig Krapf, aliyeanza kutafsiri Mwanzo mwaka uleule alipofika Mombasa, 1844, kwa Edward Steere wa Unguja, ambaye kazi yake ilizaa Biblia nzima ya mwaka 1891, na kwa waliounganisha lahaja za Kiunguja na Kimvita katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Nyuma ya kila mmoja wao walikaa Waswahili waliosikiliza sentensi na kusema "hivi hatusemi". Majina yao mengi hayakuchapwa.

Mkirudia orodha hiyo, nawaomba mmweke Augustino, Atanasi, Yustino, Guido, Seymour na Balikuddembe, na nafasi nne zinazobaki mzijaze kwa kipimo hichohicho. Sahihisho la Nikea na la Jumapili lisisubiri orodha mpya: naomba litoke wiki hii, katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule.

Wako katika kazi ya kufundisha,
Mwalimu wa historia ya Kanisa,
Nyegezi, Mwanza.